Bomu la Mpangaji Wangu

Sasa nacheka, lakini Jumamosi ile sikucheka. Hapa kwangu, mtaa wa Alunguli, amepanga Mwalimu Espérance, anayefundisha fizikia chuo kikuu. Nilikuwa nafagia chini ya dirisha lake, nikamsikia kwenye simu: "Tupige mara moja tu, kwa nguvu. Juu itayeyuka, ndani haijasikia hata moto. Tukizidisha, yote itapasuka. Huku Kindu tuko tayari."

Wakati wa vita nyumba yetu ilipigwa bomu nikiwa naitazama. Nikawatoa majirani wote nje, nikaenda kumwita shefu wa avenyu, mkuu wa barabara yetu, akaja na polisi.

Mwalimu alifungua mlango. "Munatafuta nini, papa shefu?"

"Mama Zaina anasema iko bomu humu."

Akatuingiza chumbani, akatugeuzia kompyuta. Kwenye kioo kulichorwa kipande cha chuma, chekundu juu, cha buluu chini.

"Chembe ndogo sana zenye umeme zinapiga chuma kwa kufumba na kufumbua jicho," alisema. "Mimi nahesabu namna chuma itapata moto na kuharibika. Mashini yenyewe haiko huku. Huku iko hesabu tu."

Sikumwamini. Niliinama, nikavuta sanduku zito kutoka chini ya kitanda chake. "Njo hii, bomu yenyewe!" nikapiga kelele.

Shefu akalifungua, akalifunga haraka, akatazama dari. Zilikuwa nguo za ndani za Mwalimu.

Avenyu nzima ilikuwa imejaa dirishani. Mwalimu akaniuliza polepole, "Mama Zaina, hizi njo zitapasuka?"