Nani Amsaidie Mwenzake?

Jamani, hii nilishaapa sitaisimulia, lakini kwa vile Butiama nzima wanaijua, bora muisikie kwangu, maana wengine wanaongezaga chumvi. Mnajua nimefundisha shule ya msingi mpaka mvi zikaota, ndipo nikaenda kusomea sheria (vijana chuoni walikuwa wananiita babu), na kesi yangu ya kwanza ikawa ya Mama Nyangeta, anayegombania mpaka wa shamba na jirani yake, na shamba lenyewe ndilo linalowalisha yeye, mumewe na wanawe.

Asubuhi ile baraza la ardhi limejaa, mimi nikaamua kitu kidogo tu: maswali niliyoandika yabaki mkobani, nitauliza kwa kichwa kama nilivyokuwaga nauliza darasani. Mama Nyangeta akaapishwa, nikamuuliza kwa sauti ya darasa la nne, "Mpaka wa shamba lako uko wapi?" Akaangalia dari. Sasa mdomo uliozoea kazi moja hauombi ruhusa, nikawageukia watu waliokaa nyuma nikasema, "Haya, nani amsaidie mwenzake?"

Mikono ikanyooshwa (nusu yao niliwafundisha mimi). Mwenyekiti akavua miwani, akaanza, "Wakili..." lakini kidole changu kilishamchagua Masatu, mume wa Mama Nyangeta, ambaye hesabu zilimtesa miaka yote akiwa kwangu. Akasimama wima, mikono nyuma.

"Mwalimu, mpaka ulikuwaga kwenye kichuguu. Ile mikonge ya mpaka tuliihamishaga sisi, jirani alipoenda Bunda."

Wakili wa jirani akainuka taratibu, akainamisha kichwa kwa heshima. "Mheshimiwa Mwenyekiti, namshukuru sana msomi mwenzangu. Naomba huyu awe shahidi wangu."

Akawa, na tukashindwa. Kipande chote kile, na mihogo yake, kikarudi kwa jirani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na Mama Nyangeta hakunisemesha, nami sikumlaumu.

Nje, Masatu akanikimbilia. "Shikamoo mwalimu. Nimepata?"

Nikamwambia amepata. Ningesemaje, na ndiyo mara yake ya kwanza? Ila swali lile, jamani, sitaliuliza tena kwenye baraza lolote, hata shahidi anyamaze mpaka jioni.