Simu Chini ya Kitambaa

Nilijua. Nimelikana neno hilo muda mrefu, hata mbele ya watu ambao hawakuniuliza, lakini nilijua vizuri kilichokuwa kinaukata mtandao wa ofisi yetu ya Kasongo.

Ofisi ni ya chama cha wakulima. Kompyuta moja tu ilikuwa na njia ya kutokea nje: ile ya mezani kwangu, tuliyoiita seva ili nayo ijione. Iliunganishwa na simu ndogo ya vitufe. Simu inapiga namba, mtandao unaingia, nyaya zinapita kwenye matundu ya ukuta na kuwagawia wenzangu vyumba vingine. Tulikuwa tunakunywa wote kwa mrija mmoja, na mrija niliushika mimi kwa kuwa nilisoma chuo kikuu. Nilisoma historia, lakini hilo halikumsumbua mtu, hasa mimi mwenyewe.

Laini iliyokuwa ndani ya simu ilikuwa yangu. Nilisema ni kwa muda tu. Simu ile ikilia hata mara moja, mtandao unakufa vyumba vyote. Na kwetu watu wanabip: simu inalia kidogo, unakata, mwenzako anaelewa kwamba umeamka na hujafa. Shangazi yangu anaishi peke yake Kabambare, na ni mimi niliyemwambia anibip asubuhi na mchana ili nijue ni mzima.

Ningeweza kutafuta laini nyingine, lakini ningelazimika kueleza. Nikaifunika simu kwa kitambaa cha kufuma, eti vumbi, nikautafutia mtandao mwuaji. Nikampata mhasibu wetu, mtu mpole mwenye kupenda mpira. Nilisema anavuta filamu mtandaoni. Kwa mtandao ule, filamu moja ingemaliza kuingia wajukuu wake wakiwa na ndevu. Hata hivyo nilibandika kanuni mlangoni, kwa Kifaransa, maana hapa kwetu uongo ukiandikwa kwa Kifaransa hujipigia mhuri wenyewe.

Ikafika siku mkuu wetu alipotukusanya chumbani kwangu kuamua: mhasibu akatwe waya, apelekwe mbali, kwenye bohari ya Salamabila. Mke wake alikuwa amejifungua majuzi. Jana yake mtandao ulikaa kutwa bila kukatika, na mkuu alianza kwa kuzisifu kanuni zangu.

"Miye sijavuta filamu hata moja," mhasibu alisema. "Ile mashini inachoka hata kufungua barua."

"Na jana je?" nikamwuliza. "Jana uliogopa kanuni."

Kitambaa kikaanza kutetemeka. Nikangoja kikome kama kawaida. Hakikukoma.

"Mama, pokea," mkuu akaniambia. "Pengine ni watu wa makao makuu, Kindu."

Simu ile ilikuwa imekufa sikio. Ilisemea kipaza sauti tu. Nikabonyeza.

"Weye mutoto, uko muzima?" Shangazi alijaza chumba. "Leo nimeamua kukupigia kabisa. Kila siku nakubip asubuhi, nakubip muchana, vile uliniambia. Jana nilikuwa kwenye shamba, sikubip hata mara moja, na weye hata kuuliza kama nimekufa, hapana."

Mkuu alikitazama kitambaa, kisha akanitazama mimi.

"Na ule mutu wa filamu uliniambia habari yake," shangazi akaendelea, "mulishamukata waya?"

Mhasibu akainamia simu kwa adabu.

"Bado, shangazi. Tulikuwa tunakungojea weye."