Ncha ya Mkanda wa Pijo

Miezi saba Kuruthumu aliwadanganya wateja kuwa mota ya kung'arishia imeungua. Mota haikuungua. Ilikuwa nzima, imefunikwa gunia kwenye kona ya kibanda chao pale mtaa wa Gerezani, na kila asubuhi aliipita kwa mbali kama mtu anavyompita mbwa asiyemjua.

Kazi yake ilikuwa kung'arisha urembo wa magari ya kizamani: vitasa, nembo, fremu za taa. Alifundishwa na kaka yake Abdulkadiri, fundi wa kweli, si hawa wa siku hizi wanaopaka rangi ya fedha wakaiita polishi. Tangu mota ifunikwe, Kuruthumu alifanya kwa mkono. Msasa mkali, msasa laini, kitambaa, mpaka vidole vikaota sugu. Vitu vidogo viliwezekana. Ile mikanda mirefu ya chuma inayopita ubavuni mwa gari, kutoka taa ya mbele hadi mlango wa nyuma, aliikataa.

"Mota imeungua, baba. Nenda kwingine."

Kwingine hakukuwapo, lakini hilo halikumhusu. Lililomhusu ni jicho la Abdulkadiri.

Mkanda mrefu unataka watu wawili. Fundi anaukandamiza kwenye gurudumu la kitambaa linalozungushwa na mota, mwenzake anashika ncha ya pili na kuufuata mkono wa fundi. Ncha ikiachiwa, mkanda unayumba, gurudumu linaudaka na kuurusha. Siku ile aliyeshika ncha ni Kuruthumu. Mtandio ulimteleza kichwani, na mkono wake, bila kumwomba ruhusa, ukaenda kuurudisha. Mara moja tu. Alipotazama mbele, kaka yake alikuwa amepiga magoti, kaziba uso, damu inapita kati ya vidole.

Hospitali walimuuliza ilikuwaje. Akasema jasho, mkanda umeteleza. Wakaandika jasho. Kule Buguruni wifi yake Tatu, mke wa Abdulkadiri, akauliza, akasema jasho. Abdulkadiri mwenyewe hakuuliza. Alirudi nyumbani na jicho moja, akakaa na redio yake, na kila Kuruthumu alipompelekea chakula alisema ahsante tu. Kuruthumu angeona heri apigwe kofi.

Basi Alhamisi moja, saa nne asubuhi, ikasimama bajaji mbele ya kibanda. Akashuka Abdulkadiri, na nyuma yake Mzee Isidori, mstaafu wa bandarini, kakumbatia blanketi refu kama amebeba maiti ya nyoka. Ndani yake mlikuwa na mikanda miwili ya gari la Pijo 404.

"Shikamoo, kaka," Kuruthumu alisema, na sauti ikamtoka ndogo.

"Marahaba. Ondoa hilo gunia."

"Kaka, mota..."

"Mota ina nini?"

"Imeungua."

Abdulkadiri alilivuta gunia, akachomeka waya, akabonyeza swichi. Gurudumu likaguna, kisha likazunguka mpaka halikuonekana.

"Imepona," alisema.

Mudi, mnyoosha mabati wa kibanda cha jirani, alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Da Kuru! Miezi saba mgonjwa yuko mahututi, kamwona mwenyewe tu karuka kitandani!"

"Nyoosha mabati yako, Mudi. Na ukimaliza unyooshe huo mdomo."

Alijibu hivyo kwa mazoea tu. Akamsogelea kaka yake.

"Wifi Tatu anajua uko hapa?"

"Anajua nimekwenda kunyoa."

Mzee Isidori alikuwa ameifunua mikanda. Ilikuwa na ukungu na mikwaruzo kama imesuguliwa kwa mchanga. "Mama, Desemba naipandisha gari Moshi," alisema. "Marehemu baba aliishusha huku pwani inang'aa. Siwezi kuirudisha nyumbani kwa sura hii, ndugu wote wanatazama."

"Nitaifanya kwa mkono, mzee wangu."

"Mikwaruzo hii kwa mkono utaimaliza Pasaka," alisema Abdulkadiri.

"Basi Mudi ashike ncha."

"Mudi anajua kugonga, hajui kufuata. Ncha ni yako."

Kuruthumu alifungua kinywa aseme. Sema sasa, alijiambia. Mwambie haikuwa jasho. Lakini Mzee Isidori alikuwa pale, Mudi alikuwa pale na masikio yake, na kaka yake alikwisha kuvaa miwani ya plastiki na kunyoosha mkono kuchukua kipande cha sabuni ya polishi mezani.

Mkono ukapita pembeni. Ukashika hewa. Akapapasa, akakipata, akakisugua kwenye gurudumu kana kwamba hakuna lililotokea.

Kuruthumu aliona. Mtu asiyeweza kupima umbali wa sabuni anakwenda kupima umbali wa chuma. Jicho la kwanza lilikwenda kwa mtandio. Hili lililobaki likienda, ataongozwa msalani na Tatu mpaka kufa kwake. Na ile miwani! Mkanda ukirushwa utaipasua kama papai.

Na balaa zaidi, siku hiyo alijifunga mtandio wa hariri, ule unaoteleza kama samaki, kwa sababu alasiri alialikwa hitima Ilala. Akaufunga fundo nyuma ya shingo. Akafunga la pili. Akavuta mpaka kidevu kikauma.

"Tayari?" aliuliza Abdulkadiri.

"Tayari."

Hakuwa tayari hata kidogo. Alishika ncha kwa mikono miwili, akapanua miguu. Mkanda uligusa gurudumu, na ule mtetemo ukamwingia kwenye viwiko, mabegani, mpaka kwenye meno. Aliukumbuka. Alikuwa akiuota.

Wakaenda. Kaka anasogea, yeye anafuata. Uchafu mweusi uliruka, na nyuma ya gurudumu chuma kikaanza kutoka cheupe. Kuruthumu hakukitazama. Alitazama jicho moja nyuma ya plastiki, halipepesi, limeinama karibu mno na gurudumu kwa sababu halipambanui mbali na karibu.

Nusu ya mkanda. Jasho likamtoka, jasho la kweli safari hii, na likalainisha fundo la kwanza. Akalisikia likifunguka. Akabana kidevu. La pili likafuata, taratibu, kama mtu anayeaga. Hariri ikapita sikioni, ikapita utosini.

Mkono wa kulia ukashituka. Vidole viwili viliacha chuma. Mkanda ukatikisika, gurudumu likalia sauti nyingine, na Abdulkadiri akakaza mabega, lakini hakuacha. Hakugeuka.

Kuruthumu alivirudisha vidole. Akashika mpaka makali ya chuma yakamkata kiganjani. Mtandio ukamwangukia begani, kisha mgongoni, kisha chini kwenye vumbi na grisi. Akabaki kichwa wazi, mvi zote nje, katikati ya kiwanja chenye wanaume ishirini, mwanamke wa miaka arobaini na saba ambaye hata mkwewe hajawahi kuziona nywele zake. Macho yalimjaa machozi. Akafuata mkono wa kaka yake. Hatua, hatua, hatua, mpaka ncha.

Swichi ikabonyezwa. Gurudumu likachukua muda wake kusimama.

Nyundo ya Mudi ilikuwa kimya. Kuruthumu alitazama upande wake akitegemea kejeli, akamwona Mudi ameelekea ukutani, mgongo kwao, na vijana wake wawili hivyo hivyo. Mzee Isidori alikuwa anachunguza viatu vyake.

Abdulkadiri alivua miwani. Akainama, akapapasa mara moja, akauokota mtandio, akaukung'uta kwenye goti lake. Akampa.

"Kesho ukipita Mtaa wa Kongo," alisema, "nunua pini."

Kuruthumu alisimama na hariri mkononi. Kwa hiyo alijua haikuwa jasho. Miezi saba ya ahsante juu ya kila sahani, na alijua.

"Kaka, siku ile..."

"Jifunge. Bado mkanda wa pili."

Akajifunga. Fundo moja, mbili, na la tatu. Damu ya kiganja ikaacha alama kwenye hariri, na hitima akajua hatakwenda. Kisha akaenda kushika ncha.