Bi Swaumu na Wasichana wa Chuo

Mpaka mara yake ya mwisho mbele ya televisheni, Bi Swaumu hakuacha kujifunika uso. Kijana na msichana wakisogeleana tu, alivuta ncha ya kanga mpaka juu ya macho na kuuliza, "Wamemaliza?"

"Bado, bibi," Fatma alimjibu akicheka. "Ndiyo kwanza wameshikana mikono."

"Mikono ndiyo inayoanza."

Na huyo ndiye aliyewacheza unyago wasichana wa Chiola kwa zaidi ya miaka thelathini, akiwaimbia bila haya mambo ambayo tamthilia nzima isingethubutu kuyaonyesha. Ya ndani yalikuwa ya ndani. Sebuleni kwa watu aliona aibu.

Hajra, mama yake Fatma, alikuwa mmoja wa wasichana hao. Sasa alikuwa mwalimu Nachingwea mjini, na Bi Swaumu, somo wake aliyemfunda unyagoni, alifikia kwake kila alipokuja kliniki ya kisukari. Alasiri kulikuwa na marudio ya tamthilia ya wasichana wanne wa chuo, wanaolala chumba kimoja na kujifunza mapenzi kwa machozi. Kliniki ilikuwa ya siku moja. Bi Swaumu alikaa siku nne.

Hajra hakuipenda tamthilia hiyo. Na yeye mapenzi aliyajulia chuoni, hapa hapa Nachingwea, alipokuwa anasomea ualimu. Rahimu alikuwa karani wa ghala la ufuta, mtu wa Ruangwa, mpole, mwenye maneno ya polepole. Kabla ya kukubali posa, Hajra alikwenda Chiola kumuuliza somo wake kama anamjua. Bi Swaumu alikuwa anapepeta mtama. Aliendelea kupepeta kwa muda mrefu.

"Watu wake nawajua," alisema. "Ukiolewa, kaa kwa adabu."

Hajra alirudi mjini akijua amepata baraka.

Mwaka wa pili wa ndoa, Rahimu aliugua homa akiwa Ruangwa. Hajra akamfuata, mimba ikiwa ya miezi mitano. Uani alikuta mwanamke anaanika ufuta juu ya turubai, na watoto wawili pembeni. Mwanamke alilitazama lile tumbo, akafuta mikono.

"Wewe ndiye mke mwenzangu wa Nachingwea. Karibu. Bwana aliponiambia habari zako, somo wetu alikusifia adabu tu."

Somo wetu. Maneno hayo yalimchoma kuliko kuwaona wale watoto. Bi Swaumu alikuwa amemcheza na huyu pia, na kwa mila yao somo hachukui habari za nyumba ya mwali mmoja akazipeleka kwa mwingine. Alijua yote, akapepeta mtama.

Hajra alirudi siku ile ile, akamzaa Fatma bila Rahimu. Mume aliachika, somo haachiki. Miaka kumi na minane alimpikia uji usio na sukari, akamshika mkono kwenye foleni za kliniki, akingoja kitu kimoja tu: Bi Swaumu aseme, nilikukosea.

Mwezi wa sita uliopita mambo yaliiva kwenye tamthilia. Msichana wa gauni la njano alikuwa anachagua kitambaa cha harusi, na rafiki yake wa kitanda cha juu anajua kwamba bwana harusi ana mke. Rafiki alifungua mdomo, akaufunga. Bi Swaumu alisimama juu ya miguu yake iliyovimba.

"Mwambie! Mwambie mwenzio, mshenzi wee! Utamtazama tu anaingia shimoni?"

Fatma alicheka mpaka akashika mbavu. Hajra alizima televisheni.

"Na mimi, somo? Mbona hukuniambia?"

Kicheko cha Fatma kilikatika. Bi Swaumu aliketi taratibu, akaitafuta ncha ya kanga, akaishika tu bila kujifunika.

"Hao sikuwacheza mimi, mwanangu. Kwa hao mdomo wangu uko huru."

"Ni hilo tu?"

"Ndilo lililopo."

Hajra aliingia jikoni, akabandika uji usio na sukari. Asubuhi Hajra alimsindikiza stendi, akampandisha kwenye gari la Chiola na kumwekea dawa zake mkobani. Wiki tatu baadaye angeifuata njia hiyo hiyo kwenda kumzika, lakini hilo hakulijua. Gari lilipowashwa, Bi Swaumu alitoa kichwa dirishani na kumwita kwa mkono. Hajra alisogea mbio, akijua sasa anaambiwa.

"Yule binti wa gauni la njano," Bi Swaumu alisema, "wakimwambia, unipigie simu."