Siku Shosho Aliposimama Mahali Pangu

Nakumbuka jioni moja tulipokuwa tunakaa mtaa wa Bahati, mwanangu, kengele ya baiskeli ya baba ililia nje jua likielekea kutua, nami nikaingia chini ya kitanda. Usicheke. Nilikuwa msichana mkubwa wa darasa la saba, miguu haienei mle uvunguni. Lakini kengele ile ikilia, yote niliyofunzwa shuleni yalinitoka. Baba akirudi, kabla hata ya kunawa, aliuliza kazi tuliyopewa na mwalimu.

Baba alikuwa akibeba mizigo katika kiwanda kimoja cha Indastrial Eria. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nataka ulisikie mapema. Nilipokuwa mdogo aliniita "mama". Kwetu sisi Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, na tunamchukulia kuwa ni yule yule mwenye jina amerudi. Mimi ni Wambui kwa sababu shosho yangu, bibi mzaa baba, anaitwa Wambui. Ila tangu niingie darasa la mtihani, baba aliacha kuniita mama. Alivua mshipi, akauweka mezani kando ya daftari langu, akakaa akinitazama.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," alipenda kusema, na suruali inamlegea kiunoni. Leo suruali ile inanichekesha. Wakati ule sikuthubutu hata kuitazama. Halafu alimalizia kwa maneno yaliyonikosesha usingizi: "Ukianguka mtihani, unaenda ushago kijijini kuchuma kahawa. Shule kwisha." Mama yangu, aliyeuza mitumba soko la Gikomba, alirudi amechoka, akapuliza jiko akiwa ametugeuzia mgongo. Naye aliogopa.

Jioni hiyo shosho alikuwa amekuja kutoka Murang'a kutibiwa macho. Alikuwa kwenye kigoda karibu na jiko, akimenya ndizi. Baba akamwamkia kwa heshima, kisha akaniita. Nikatoka uvunguni na vumbi kwenye nywele.

"Nane mara saba?"

Mchana nilikuwa nimelijibu swali hilo hilo mbele ya darasa zima. Sasa nilikuwa naona mshipi tu.

"Si nakuuliza? Unamnyamazia nani?"

"Arubaini... arubaini na..."

Akaushika mshipi. Jirani yetu, Mama Nafula, akapaza sauti ng'ambo ya ukuta: "Baba Wambui, si umwache kwanza apumue!" Baba hakumjibu. Nikajikunyata, nikafumba macho na kungoja.

Sikupigwa. Nilipofumbua macho, shosho alikuwa amesimama mbele yangu, pale pale nilipokuwa nimesimama mimi, amenisukuma nyuma yake. Akasema kwa Kikuyu chake cha taratibu:

"Wambui ni mimi. Niulize."

"Mama, kaa chini. Haya ni mambo ya shule."

"Niulize mimi."

Baba akautazama mshipi, kisha akamtazama mama yake.

"Nane mara saba sijui. Sikusoma. Haya, nichape."

Mwanangu, kumwinulia mama mzazi mkono ni kujitafutia laana, na baba alilijua hilo. Nilimwona, mwanamume wa kubeba magunia kutwa nzima, mkono wenye mshipi umeinuka nusu, haupandi wala haushuki. Niliogopa kuliko siku zote, maana sikujua nyumba yetu ingekuwa nyumba gani mkono ule ukishuka.

"Ulipompa mtoto jina langu," shosho akasema, "uliniambia nimezaliwa upya nyumbani kwako. Kumbe nilizaliwa nije kuchapwa?"

Baba akaketi. Akauacha mshipi uanguke. "Naogopa, mama," akasema, na sauti ile sikuisikia tena maishani. "Akinyamaza hivi, naona magunia mgongoni mwake."

"Ogopa. Mzazi gani haogopi? Lakini woga huo ni wako, ubebe mwenyewe. Mtoto ana mzigo wake wa vitabu."

Akarudi kwenye ndizi zake. Mama alipofika tulikula, na katikati ya chakula jibu likanijia lenyewe. "Hamsini na sita," nikasema. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Baba akainamia sahani yake, akafuta macho, akasingizia moshi wa jiko.

Usidhani woga uliisha siku hiyo. Kovu la roho halifutiki kwa usiku mmoja. Baba naye hakujua aanzie wapi, maana mshipi ndio msaada pekee aliowahi kupewa na baba yake. Mwanzo alikaa tu kando yangu, akasafisha kioo cha taa. Halafu akaanza kuuliza, "Leo mmefunzwa nini? Nifunze na mimi." Nikikosea, alisema, "Ebu rudia polepole," na swali likitushinda sote wawili, alinituma kesho yake nikamwulize mwalimu. Mtihani niliupita, si kwa alama za kutangazwa, lakini shule nilipata.

Basi wewe unayepanda ngazi za ghorofa yako huko mtaa wa Pipeline jioni, umechoka, na mtoto anakungoja na daftari, sikiliza. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, lakini hakunjwi kwa nyundo. Mpe chakula kwanza. Zima redio, ukae karibu naye hata kama hesabu hizo huzijui. Mwache akufunze wewe. Usimwandikie majibu, kwa kuwa chumba cha mtihani hutaingia naye. Na ukisikia hasira inapanda, jiulize ni nini hasa unachoogopa, kisha umwambie mwenzako au Mungu wako, usimwambie mtoto kwa mkono.

Baba aligundua kwamba kengele ilikuwa bado inanishtua. Akaacha kuipiga. Alishuka kwenye baiskeli pale kwenye mfereji, akaisukuma hadi mlangoni, akaniita: "Mama, nimefika." Siku ya kwanza sikutoka. Siku nyingine, sijui ilikuwa ya ngapi, nilijikuta nimeshafungua mlango.

Mungu akulainishie mkono, mwanangu, akuongezee subira. Na mtoto wako akisikia hatua zako kwenye ngazi, akimbilie mlangoni.