Kiganja kwenye Kioo cha Robo Inchi

Jumanne, 14 Julai 1953, Iringa. Ukungu tangu alfajiri, baridi ya kuuma masikio. Jua lilichungulia saa saba, likajificha tena.

Ukungu huu ndio umenikumbusha. Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, hapa uani kwangu, mwaka juzi, mwezi kama huu. Sikuhadithiwa. Nimesoma mpaka darasa la nne tu na huenda nikayapanga vibaya, lakini sitaongeza kitu, na pale ninapojitilia shaka nitasema.

Kazi yangu ni kutia vioo madirishani. Mwaka ule tulimchukua mama mkwe kutoka Rujewa, maana miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, hainuki kitandani. Mtu aliyezaliwa kando ya maji ya Usangu, sasa kutwa anatazama ukuta. Mke wangu Zainabu akaniambia, "Anaota mto. Akiamka analia." Ndipo nikapata wazo la kumtengenezea tangi la kioo, tumtilie samaki hai, liwekwe juu ya meza karibu naye. Shemeji yangu akaahidi kuleta perege wadogo ndani ya debe.

"Wewe fundi madirisha," Zainabu akanicheka, "na hao samaki utawafungulia wapunge upepo?"

Sasa lione kosa langu. Kwa desturi ya ukweni kwangu, mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe wake, wala hamtazami usoni. Baba yangu alitoka pwani, lakini mimi nimekulia huku na desturi hiyo naiheshimu. Basi sikuingia kupima. Zainabu aliingia na kamba, akafunga fundo kwa urefu wa meza na fundo jingine kwa upana, akaniletea. Vipimo vyake vilikuwa sahihi kabisa, simlaumu. Mimi ndiye ambaye sikuuliza kitanda kimekaa upande gani.

Nikaunda fremu ya chuma, urefu futi mbili, kimo inchi kumi na nane. Kioo nikachagua cha uzito wa aunsi ishirini na nne kwa futi ya mraba, kile cha madirisha ya kawaida, chembamba, chepesi, kinaonyesha vizuri. Nilikuwa pia na vipande vya kioo cha robo inchi, masalio ya dirisha la duka, vimeegemea ukuta. Niliviona vizito mno kwa meza ile. Je, wewe ungechagua kipi? Nikapachika chembamba kwa puti, ule ugundi wa kushikia vioo, nikakiacha siku nane kikauke.

Alasiri ya siku ya nane ukungu ulishuka mpaka sikuona ua wangu unaishia wapi. Nikasikia, "Kamwene, fundi."

Nikaitikia salamu. Alikuwa mwanamume wa rika langu, kajifunga shuka jeusi, na kutoka kiunoni kwenda chini amelowa maji, yanachuruzika. Niamini, mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei.

"Unamtengenezea nani dirisha?"

"Si dirisha. Ni nyumba ya samaki."

Akacheka, cheko zuri tu la mtu mwema. Akagonga kioo kwa ukucha. "Na hiki kitashika maji?"

"Ndicho kilichoko kwenye madirisha ya nusu ya mji," nikasema kwa maringo kidogo. "Upepo haujakivunja."

"Upepo unapumzika, ndugu yangu. Maji yakishaegemea, yameegemea." Akainama, akashika kifundo cha mguu wake. "Mtoni maji yakifika hapa, unapita. Magotini, unapita kwa shida." Akashika kiuno. "Yakifika hapa yanakuondoa. Na mto ni uleule, haujaongezeka upana. Wewe umepima urefu na upana kwa kamba. Kina umekipima kwa nini?"

Inchi kumi na nane nilizichagua kwa sababu zilipendeza macho.

Akaenda ukutani, akaweka kiganja chake juu ya kipande kimoja cha robo inchi, akakikandamiza. "Tia hiki. Na maji yaishie futi moja, hapa chini ya kiganja. Yasipande zaidi." Kisha akaniuliza, polepole, "Kichwa cha mwenye kitanda kiko wapi?"

"Sijui. Siingii mle."

"Kiko shubiri mbili kutoka kwenye kioo. Uso umeelekea huku."

Nikashangaa, maana chumba kile walikuwa wakiingia wanawake peke yao. Nikamkaribisha ndani apate moto. Akatikisa kichwa. "Mimi nimechelewa. Niliaga kwamba nitarudi kabla ugali haujapoa."

Nilikwenda kumchukulia kigoda. Kurudi, hayupo. Pale aliposimama ardhi ilikuwa tope, lakini hapakuwa na nyayo za maji za kuja wala za kuondoka. Niseme kweli, kwa ukungu ule mtu akipiga hatua tatu humwoni, na labda sikuchunguza ardhi vizuri.

Kesho yake nililijaribu tangi palepale uani, na kioo chake kilekile chembamba. Nilimwuliza Zainabu mama analalaje, akasema kichwa kiko upande wa meza. Nikachukua gunia la pumba, nikaliweka shubiri mbili kutoka kwenye kioo, tukaanza kumimina maji, debe kwa debe. Futi moja, kimya. Inchi kumi na nne, kioo kikatuna, nikaona sura yangu imepinda ndani yake. Kabla sijasema tuache, kioo chote cha mbele kikapasuka. Maji yalitupiga mapajani. Kipande kirefu kama kisu kilikuwa kimezama ndani ya gunia.

Zainabu alilitazama gunia, hakucheka. "Ungemwua mama yangu," akasema.

Labda fremu ilibana kioo, au puti ilikuwa na kasoro. Nayaandika hayo pia. Lakini lile gunia nimelihifadhi.

Ndipo nikamweleza habari za mgeni. Akakimbilia kwa mama yake. Punde mama mkwe akaniita, yeye ndani, mimi nje ya ukuta.

"Mkwe wangu! Huyo mtu alilowa mpaka wapi?"

"Kiunoni, mama."

"Akasema amechelewa?"

"Alisema aliaga kwamba atarudi kabla ugali haujapoa."

Nikasikia kwikwi. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, anacheka hasa. "Miaka kumi na tisa! Sufuria iko motoni, yeye anakwenda kutazama migono yake, mitego ya samaki, mto umejaa! Akija tena mwambie ugali umekuwa jiwe!"

Alikuwa mumewe, baba yake Zainabu, aliyechukuliwa na mto wa Ruaha. Maiti haikuonekana. Mimi sikumjua wala sikuwahi kuambiwa habari ya ugali. Zainabu naye anaapa hakuijua, alikuwa mdogo.

Nikatia kioo cha robo inchi pande zote, tukajaza futi moja, na tangi halijavuja mpaka leo. Meza niliiongezea miguu miwili. Alama ya kiganja cha yule mgeni iko palepale, nyeupe, juu kidogo ya maji. Nimeisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa mafuta ya taa, haitoki. Huenda ni ukungu wa kioo cha zamani. Huenda. Mama mkwe halii tena akiamka. Perege mmoja amempa jina langu, ati kila akifika kwenye kona anasimama kufikiri kama ageuke.

Wewe unayesoma, ukitaka kufuga samaki, usidanganywe na urefu wa tangi, uliza kina. Jaribu kwanza nje, mbali na watu. Ikiwa adabu inakuzuia kuingia chumbani, mtume mtu akutazamie kitanda, si meza peke yake. Na akija mtu aliyelowa siku isiyo na mvua, mpe kigoda kwanza, maswali baadaye. Mimi nilichelewa, na bado inaniuma.

Jioni hii tumekula ugali, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, na maharage kidogo. Samaki haliwi tena nyumba hii, mama mkwe anasema hawa wanaotutazama watajisikiaje. Bonge moja la ugali limefunikwa kwa kawa, kama kila jioni, kando ya tangi. Zainabu ametoka kulitazama sasa hivi, saa sita za usiku. Anasema bado lina moto.