Neno Lililotoka Kifuani mwa Bibi

Jumapili iliyopita dada alinipigia simu kutoka hospitali ya Haydom. Mwanawe alikuwa ametoka salama kwenye operesheni. Hata salamu hakunipa. Alisema tu, "Loftan!" akaanza kulia, nami huku Maretadu nikacheka kama mwehu. Mama, aliyekuwa kando yangu akichambua maharage, akauliza, "Hicho nacho ni Kizungu gani?"

Ni Kizungu chetu, rafiki yangu, hukipati kwingine. Tulipokuwa wadogo mama alilazwa hospitali hiyohiyo, bibi akatuchukua tukakae naye kule nje ndugu wa wagonjwa wanakopikia. Moshi wa kuni, harufu ya makande, vifuniko vya sufuria vinagongana tangu alfajiri! Manesi wa kigeni walipita wakiongea lugha yao ya kukwaruza koo. Mimi na dada tukaichukua milio yake, tukatunga ya kwetu. Maharage yakawa strump, kuni zikawa hakst. Bibi hakuipenda hata kidogo. "Lugha isiyo na shikamoo ni ya mbuzi," alitukaripia.

Kisha mama akapelekwa kupasuliwa. Jamani, siku ile! Bibi alikataa kuketi. Alisimama akikoroga uji ulioiva zamani, nasi hatukuthubutu kusema lugha yoyote. Nilijua mama anaweza kufa. Hakuna aliyeniambia, nilijua tu. Mwishowe nesi mmoja wa kigeni akaja, akamwamkia bibi shikamoo, akasema mama yuko salama. Bibi akaketi palepale chini, mwiko mkononi, akashusha pumzi: "Loof!"

Jioni ile tukaipa pumzi ya bibi mkia wa kigeni, ikawa loftan. Maana yake si furaha, wala si shukrani. Hizo huja baadaye. Ni ile hofu yenyewe inapokutoka kifuani, ukabaki mwepesi.

Bibi hayupo tena, na maneno yetu karibu yote yamepotea. Ilikuwa lugha ya watu wawili, na wote wawili tulikua.

Nilimweleza mama haya yote. Miaka yote aliamini kwamba kule nje tulikuwa tunacheza tu. Akayaacha maharage.

"Kumbe mlijua?"

"Tulijua, mama."

Akanivuta kichwa, mimi mtu mzima mwenye mvi, akakilaza begani kwake.

"Poleni, wanangu," akasema. "Poleni sana."